Mnauliza Tunajibu: Huyu Alciato alikuwa mwanasheria wa aina gani?

Toleo lililopita tuliandika kuhusu John Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, enzi hizo bado kijana anasoma sheria, tukagusia mstari mmoja tu kwamba mmoja wa walimu wake alikuwa Muitaliano anaitwa Andrea Alciato. Basi! Maswali ya huyo Muitaliano yamekuja mengi kuliko ya Calvin mwenyewe, afu mengine makali kwelikweli, kwahiyo safari hii ukurasa mzima ni wake. Barua ndefu nimezifupisha.

Kaka mhariri habari za kazi. Mi nasoma sheria mwaka wa pili. Mlisema Alciato ni kati ya watu waliobadilisha namna ya kusoma sheria Ulaya, sasa alibadilisha nini hasa? Maana sheria si ipo tu imeandikwa, unaisoma unaitumia basi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Nzuri mdogo wangu, na hili swali ntakaa nalo kidogo maana mengine yote yanaanzia hapa.

Alciato kazaliwa Mei 1492, familia yao asili yake Alzate, kijiji cha upande wa Como, ila maisha yao yalikuwa Milan. Kipindi hicho ukisema unasoma sheria chuo kikuu maana yake unasoma sheria ya Warumi au sheria ya kanisa. Na hiyo ya Warumi ni ule mkusanyo alioamuru mfalme Justinian kule Constantinople kati ya mwaka 529 na 534, kazi ikasimamiwa na waziri wake Tribonian. Kitabu kikubwa humo kinaitwa Digesta, kina vitabu 50 ndani yake, na ni maneno ya wanasheria wa Roma waliokufa miaka mia mbili mia tatu kabla ya Justinian, yakakatwakatwa, yakapangwa kwa mada, mengine yakabadilishwa ili yaendane na wakati.

Sasa maprofesa wa Bologna kuanzia karne ya 12 walikuwa wanaandika maelezo pembeni ya hizo kurasa. Accursius akayakusanya karne ya 13, yakafika karibu 97,000. Afu akaja Bartolus, huyu alifariki 1357, akaandika maelezo mapya juu ya maelezo ya zamani, na baada yake kila profesa akaongeza yake, mpaka ikafika hatua mwanafunzi anajua Bartolus kasema nini, Baldus kasema nini, ila maandiko yenyewe ya Warumi hajayatazama kwa utulivu hata siku moja. Walikuwa na msemo kabisa kwamba kama we sio mtu wa Bartolus basi we sio mwanasheria. Na ndani ya huo mkusanyo kuna vipande vya Kigiriki, wao Kigiriki hawakijui, kwahiyo wakifika hapo wanasema hiki Kigiriki hakisomwi, wanaruka wanaendelea. Sheria inarukwa!

Alciato akiwa na miaka 23 tu, mwaka 1515, akatoa kitabu chake cha kwanza kule Strasbourg, kinahusu vile vitabu vitatu vya mwisho vya Kodeksi ya Justinian, yaani sehemu nyingine ya ule mkusanyo yenye amri za wafalme wa Roma. Angalia alivyochagua, hivyo vitatu ndo walimu walikuwa hawavitaki, vimejaa mambo ya vyeo na kodi na utawala wa dola ambayo haipo tena. Yeye akaingia humo na Kigiriki chake, na wanahistoria wa Roma, na maandishi ya kwenye mawe aliyokuwa anayanakili mwenyewe huko Milan toka ujanani, akaanza kueleza hiki cheo kilikuwa kazi gani, hii kodi alilipa nani. Miaka mitatu baadaye, 1518, akachapisha Milan mkupuo wa vitabu vya kusahihisha yale ambayo wakubwa waliyaelewa vibaya, kimoja kinaitwa Paradoxa.

Kwahiyo jibu la swali lako ni hili: kwa Alciato sheria ina tarehe. Imeandikwa na mtu fulani, mwaka fulani, kwa ajili ya jambo lililokuwa linawasumbua wakati ule, na kama hujui hayo basi unachotumia ni kivuli chake. Bartolus na wenzake waliisoma kama kitu kilichoteremka chote siku moja. Ndo maana wanaweza kuchukua sentensi ya mwaka 200 na sentensi ya mwaka 530 wakazigonganisha kama vile zimetoka mdomo mmoja, afu wakitafuta namna ya kuzipatanisha wanaandika kurasa kumi.

Mwalimu, lakini hayo si alishayasema Lorenzo Valla zamani? Mbona sifa mnampa Alciato? (Msomaji wa siku nyingi, Tanga)

Kweli kabisa Valla alisema, tena kwa matusi. Mwaka 1433 alikuwa anafundisha pale Pavia, mji wa jirani na Milan, akaandika barua ya kumkejeli Bartolus na Kilatini chake, wanasheria wa chuo wakawaka, ikabidi jamaa aondoke mjini. Baada yake Poliziano kule Florence akakaa na ule mswada wa kale wa Digesta, Florence waliuchukua Pisa mwaka 1406, akawa anaulinganisha neno kwa neno na nakala za kawaida. Afu Mfaransa Guillaume Budé mwaka 1508 akatoa kitabu chake juu ya Digesta ambacho kilitikisa.

Ila ona tofauti. Valla na Poliziano ni watu wa lugha, wanasheria walikuwa na jibu rahisi, "nyie mmekariri mashairi tu, mahakamani hamjawahi kukanyaga". Budé naye alikuwa mtu wa ikulu zaidi. Alciato kasoma Pavia chini ya Giasone del Maino, mzee wa shule ya zamani mwenye jina kubwa, akaenda Bologna, akachukua udaktari wa sheria mwaka 1516, anatoa ushauri wa kesi kwa malipo, yaani huyu huwezi kumwambia hajui kazi. Mapinduzi yalitokea ndani ya nyumba. Na mi hapa ndo nampendea, hakumtupa Bartolus. Alimsahihisha, alimtania, lakini kwenye kesi ya kweli alimtumia, maana alijua jaji anataka kusikia nini. Wakati ule watu walikuwa wanataja watatu pamoja, Budé Ufaransa, Zasius kule Freiburg Ujerumani, na Alciato Italia.

Shikamoo. Mi swali langu jepesi, nimesikia huyu mtu alikuwa anapenda hela balaa, ni kweli au ni umbea? (Mama Wawili, Kigamboni)

Marahaba mama. Umbea upo ila una msingi wake!

Fuata safari zake uone. 1518 anaitwa Avignon kufundisha, mji wa Papa huo ingawa uko kusini mwa Ufaransa ya leo. Pale akawa anavutana na mji kuhusu mshahara, tauni nayo ikaingia, 1522 akarudi Milan. Milan nako vita, Wafaransa na jeshi la mfalme Charles wa Tano wanaugombania ule mji kama mpira wa kona, hapakaliki. Akarudi Avignon 1527. Mwaka 1529 Wafaransa wakamnyakua wakampeleka Bourges, na huko ndo akawa staa wa kweli, mshahara ukapanda, mfalme Francis wa Kwanza mwenyewe aliwahi kukaa kwenye lekcha yake. 1533 mtawala wa Milan, Francesco Sforza, akamtaka arudi nyumbani, akaenda Pavia. 1537 huyo yuko Bologna. Afu Pavia tena. Afu Ferrara kwa watawala wa ukoo wa Este. Afu mwishoni Pavia tena, na hapo ndo alifia Januari 1550.

Sasa ukisoma barua zake, mshahara haukosekani. Amepewa ofa mji huu anauonyesha mji ule, kama wachezaji wa siku hizi na maajenti wao. Na walimuonea pia kwa upande mwingine, wanasema alikuwa mlaji mno, ugonjwa wa jongo ulimtesa uzeeni wakausingizia sahani. Ila mi namtetea kidogo mama. Profesa wa sheria wakati ule alikuwa anawaletea mji wanafunzi, na wanafunzi wanaleta hela, wanapanga vyumba, wanakula, wananunua vitabu. Miji yenyewe ilikuwa inamgombania kwa sababu ya biashara, ye angekaa kimya kwanini? Afu vita, mana'ke mtu ambaye mji wake unapigwa kila baada ya miaka michache hawezi kuwa na akili ya "ntakaa hapa mpaka nistaafu". Inasemekana Papa Paulo wa Tatu alitaka kumpa ukardinali akaukataa, akapokea cheo kidogo zaidi. Mtu wa tamaa tupu angeruka nao.

Calvin alimpenda mwalimu wake? (Mchungaji msaidizi, Kericho)

Hapana mchungaji, si sana. Calvin alikuwa Orléans kwa profesa Pierre de l'Estoile, Mfaransa wa mtindo wa zamani, mtulivu. 1529 yeye na wenzake wakahamia Bourges kumfuata huyu Muitaliano anayesifiwa. Wakakuta ni hodari kweli ila ana majivuno, anawabeza Wafaransa. Ikatokea kugombana kwa vitabu, upande wa Alciato umemshambulia l'Estoile, rafiki wa Calvin anaitwa Duchemin akaandika utetezi, na utangulizi wake wa mwaka 1531 kauandika Calvin, upande wa mzee wa Orléans. Lakini mwaka uliofuata Calvin akatoa kitabu chake cha kwanza kabisa, ufafanuzi juu ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma, na ukikisoma namna anavyopima neno na historia yake unaona Bourges haikupita bure.

Kaka naomba kuuliza, hao wasomi wa Renesansi, enzi za kufufua elimu ya Wagiriki na Warumi, wanasifiwa sana lakini si ndo kipindi wanachoma wanawake wakiwaita wachawi? Huyu Alciato wako alisema nini au alikuwa bize na Kigiriki? (Dada wa Mwanza)

Dada umeuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri.

Alciato anasimulia kwenye kitabu chake kinaitwa Parergon, cha mwaka 1538. Bado kijana, hajamaliza siku nyingi masomo, akaombwa ushauri kwenye kesi za mabonde ya milimani huko Alps. Kulikuwa na hakimu wa kanisa wa kuwasaka wazushi, ameshachoma watu zaidi ya mia moja, na kila siku anaongeza. Wananchi wa huko mwishowe wakachoka, wakaona huyu hataacha mtu, suala likafika kwa askofu, na askofu ndo akamtaka Alciato asome mafaili.

Jibu lake ni kwamba wengi wa hao wanawake wanastahili kutibiwa kwa heleboro na si moto. Heleboro ni mmea, Wagiriki na Warumi waliutumia kama dawa ya wazimu. Yaani anasema hawa ni wagonjwa, wanaota, mwite mganga sio mchoma mkaa. Kisha akaingia kwenye ushahidi kama mwanasheria, wanawake wanadai walikuwa kwenye mkutano wa shetani, waume zao wanasema tulikuwa nao kitandani usiku huo. Wale wa upande wa moto walikuwa na jibu, wanasema kitandani shetani kaacha mfano wa mwanamke na mwenyewe kaenda kuruka. Alciato anauliza kwanini tusiseme kinyume chake, mwanamke halisi ni yule wa kitandani na ule mfano ndo uliokuwa huko porini? Umeona alivyowashika? Kwa kanuni yao wenyewe.

Sisemi alikuwa mtetezi wa haki za wanawake, wala hakuwaachia wote, na kuchomwa kuliendelea Ulaya karne nzima na zaidi baada yake. Ila kwa mtu wa umri ule mbele ya mia moja waliokwisha kufa, hiyo barua ya ushauri ina uzito kwangu kuliko vitabu vyake vyote vya Digesta. Wapinzani wa uchomaji waliokuja baadaye walimtaja.

Mbona nikimtafuta mtandaoni nakuta picha za nyuki na punda badala ya sheria? (Fundi wa kuchora, Mombasa)

Hahaha fundi karibu, hiyo ndo kazi iliyomfanya ajulikane na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sheria.

Mwishoni mwa 1522 Alciato anamwandikia rafiki yake muuza vitabu, Francesco Calvo, kwamba kipindi cha sikukuu katunga kijitabu cha mashairi mafupi kwa Kilatini, kila moja linaeleza kitu cha kuonekana, na mafundi wachoraji na masonara wanaweza kupata humo alama za kuweka kwenye kofia au nembo za wachapishaji. Jina akakiita Emblemata. Yaani ni mchezo wa mwanasheria aliyepumzika. Februari 1531 mchapishaji wa Augsburg, Heinrich Steyner, akakitoa kikiwa na michoro ya mbao, vipande 104, na Alciato alilalamika kwamba kimetoka bila idhini yake na kimejaa makosa. 1534 Chrétien Wechel wa Paris akatoa toleo la maana, Alciato akaridhika, baada ya hapo hakuna wa kukizuia, kikatafsiriwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, na kabla ya karne ya 17 kuisha kilishapigwa chapa zaidi ya mara mia. Mwisho vipande vilifika 212.

We mtu wa Mombasa utakielewa haraka kuliko wao, fikiria kanga. Kuna maneno machache ya mkato, katikati mchoro, na maneno peke yake hayasemi yote na mchoro peke yake hausemi yote. Tofauti ni kwamba Alciato anaongeza shairi chini la kufungua fumbo. Hao nyuki uliowaona wametengeneza masega ndani ya kofia ya chuma ya askari, kichwa cha shairi "kutoka vitani amani". Punda ni bahili, kabeba vyakula vitamu mgongoni afu mwenyewe anakula miba. Kuna kipofu kambeba kiwete, mmoja anatoa miguu mwingine anatoa macho.

Ila wangu mimi ni ule wa baraza la mtawala mwema. Majaji wamekaa, hawana mikono. Kiongozi wao hana macho. Mikono hawana ili wasipokee zawadi, kiongozi haoni ili asijue nani kasimama mbele yake, anasikia hoja tu. Alciato hilo alilitoa kwa waandishi wa Kigiriki, wanasema sanamu za namna hiyo zilikuwepo Thebes. Sijui mahakama gani itakubali kuining'iniza ukutani.

Ndugu mhariri, huku kwetu Lubumbashi mafunzo ya sheria ni ya mtindo wa Wabelgiji. Je huyu Alciato ana uhusiano wowote na sheria zetu ao ni historia ya Wazungu tu? (Msomaji, Lubumbashi)

Ndugu, wewe una uhusiano naye wa karibu kuliko sisi wa Dar, maana sisi sheria zetu zilipitia kwa Waingereza na wao walikuwa na njia yao.

Nikupe mnyororo kwa haraka. Alciato alivyoondoka Bourges mwaka 1533 mtindo haukuondoka naye, ulibaki mpaka watu wakauita mtindo wa Kifaransa ingawa mwalimu alikuwa Muitaliano. Pale pale Bourges wakaja kufundisha Le Douaren, Doneau, Hotman, na mkubwa wao wote Jacques Cujas. Cujas yeye alikwenda mbali zaidi ya Alciato, alikuwa anachukua vipande vya mwanasheria mmoja wa Roma vilivyotawanywa kwenye Digesta anavikusanya upya mpaka unamsikia yule mtu mwenyewe anaongea. Na kabla ya Cujas, Antonio Agustín, Mhispania aliyesoma kwa Alciato Bologna, akaenda Florence kuuchunguza ule mswada wa kale, akachapisha matokeo 1543. Ukishakuwa na maandiko safi na ukijua kipi cha lini, unaweza kuanza kuuliza kipi bado kinafaa, kipi kife na Roma yake. Hapo ndo njia inayokwenda kwa wanasheria Wafaransa Domat na Pothier inapofunguka, na Pothier ndo waandishi wa Kodeksi ya Napoleon ya 1804 walimnakili sana kwenye upande wa mikataba. Wabelgiji wakaipokea hiyo, wakaileta Kongo kwenye dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na madeni, ambayo naamini darasani mnaifungua mpaka leo.

Kwahiyo mwanasheria wa kwenu akigombania deni anatumia sentensi zilizopita mikono mingi, na mkono mmoja wa mwanzo mwanzo ni wa yule aliyekuwa anadai nyongeza ya mshahara Avignon.

Alikuwa Mprotestanti? (Bila jina)

Hapana, alikufa Mkatoliki, na alikuwa makini sana asionekane vingine. Ujanani alimwandikia rafiki yake aliyeingia utawa barua ndefu ya kuyakosoa maisha ya watawa, nakala ikafika kwa Erasmus, yule msomi mkubwa wa Uholanzi, afu Luther alivyoibuka Alciato akaanza kukosa usingizi kwamba ile barua ikichapishwa imekwisha kazi. Akawa anamwandikia Erasmus aichome, Erasmus akawa anamtuliza. Ilichapishwa 1695, wote wawili wameshakufa zaidi ya miaka 140.

Naanzia wapi kumsoma? (Mwanafunzi mwingine, Dodoma)

Vitabu vya sheria ni Kilatini kigumu, usianzie huko utakata tamaa. Anza na Emblemata, Chuo Kikuu cha Glasgow kimeweka matoleo ya zamani ya kitabu hicho mtandaoni bure, kurasa zenyewe zimepigwa picha, na tafsiri za Kiingereza zipo. Ukishazoea sauti yake tafuta tafsiri za kile kipande cha wachawi, wanahistoria wa uchawi Ulaya wanapenda kukiweka kwenye mikusanyo yao. Na ukibahatika kufika Pavia, kaburi lake la mawe liko ndani ya chuo kikuu chenyewe, lilihamishiwa hapo kutoka kanisani.